Saa ya Dhahabu Ambayo Mume Wangu Hakuivaa

Mume wangu alikuwa fundi saa, na miaka yake ya mwisho hakuwa na saa mkononi wala mfukoni. Akitaka kujua wakati aliniuliza mimi. Niwe jikoni mikono imejaa unga, niwe juu natandika kitanda, niwe kwenye simu na dada yangu wa Unguja, sauti yake inanifuata hapo hapo: "Bibie, saa ngapi?" Basi najifuta mikono, naivuta saa kwa mkufu wake kutoka ndani ya dera, nafungua kifuniko, nasoma. "Saa nane kasorobo." Anatazama simu yake, anaguna, anarudi kwenye meza yake. Mara ngapi nimemwambia, kama simu unayo, mie unanisumbulia nini? Alikuwa akicheka tu, na baada ya muda ananiuliza tena.

Saa hiyo ilikuwa ya mfukoni, ya Kiingereza, ya dhahabu, imetengenezwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Aliipata kwenye mnada wa vyombo vya marehemu mmoja huko Erdington, hapa hapa Birmingham, imekufa, akrabu moja, ule mshale wa kuonyesha saa, imekatika, na ndani imejaa uchafu. Mimi niliiona nikadhani kanunua dhahabu. Yeye hakuizungumzia dhahabu hata kidogo. Aliifungua kwa ukucha, akaweka kioo chake cha fundi jichoni, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kazi ya saa alijifunza kwa baba yake, Mjini Unguja, kwenye kibaraza chenye meza ya kioo. Hapa Birmingham kazi hiyo haikumlisha. Alifanya kazi ghalani, akibeba na kupanga maboksi, na saa akazifanya nyumbani, chumba cha nyuma, nyumba yetu hii ya Lozells iliyobanwa katikati ya nyumba nyingine mbili. Alipostaafu, chumba cha nyuma kikawa ndiyo dunia yake. Watu walimletea saa za ukutani, saa za mkononi, saa za wazee wao. Lakini hakuna aliyoishughulikia kama ile ya dhahabu. Majira ya baridi yote mazima aliikalia, na mimi nilipita mlangoni na trei ya chai kama mhudumu wa hoteli.

Siku moja aliniita niangalie. Alinipa kioo, akanionyesha maandishi yaliyochongwa kwenye bamba la ndani, ya mikato na mikia, jina la mtu na jina la mji wa Coventry.

"Huyu ndiye aliyeitengeneza?" nikauliza.

"Huyo ndiye aliyeiuza," akasema, na hapo nikajua nimejitakia, maana hotuba imeanza.

Alisema saa kama ile haina fundi mmoja. Kuna mtu kazi yake tangu ujana mpaka uzee ilikuwa kukata meno ya magurudumu, basi. Mwingine alitengeneza akrabu tu. Mwingine alichora namba kwenye uso wake mweupe, na mkono ukitetemeka uso mzima unatupwa. Ndani ya saa ile mlikuwa na mnyororo mwembamba kuliko mkufu wa mtoto mchanga, unaojizungusha kwenye koni ya shaba, na mume wangu alisema minyororo ile ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana wa mji mmoja wa kusini, wakiunga pete kwa pete mpaka macho yao yanaharibika. Sanduku la dhahabu, lile ganda lake la nje, lilitoka hapa hapa Birmingham, mtaa wa masonara, ambao kutoka kwetu unafika kwa miguu. Lilikuwa na muhuri wa nanga, na hilo lilimchekesha kila mara, mji usio na bahari kupiga muhuri wa nanga. Mwenye karakana ya masanduku alibahatika kutia herufi zake mbili. Wengine wote hawakutia hata nukta. Mume wangu aliwahurumia watu wale kana kwamba wamefariki juzi.

"Sasa na wewe umo," nikamwambia, "na wewe huna jina humo."

"Alhamdulillahi," akasema. "Niko na watu wazuri."

Siku ilipoanza kwenda, alivaa kanzu, akavaa kizibao, akaitia saa mfukoni na mnyororo wake ukapita kifuani, akaenda msikitini Ijumaa. Alipendeza, nisiseme uongo. Alirudi uso umemshuka. Kumbe sheikh alimvuta pembeni baada ya sala, kwa upole, akamwambia jambo ambalo sote tunalijua tangu chuo cha Kurani: dhahabu mwanamume haivai.

"Mimi nimemwambia siivai, naibeba," mume wangu akasema, kana kwamba ni mimi niliyemkataza. "Hii si pete. Hiki ni chombo cha kazi."

"Na sheikh kasemaje?"

"Kasema chombo cha kazi hakining'inizwi kifuani Ijumaa."

Wiki nzima alinuna. Angeweza kuiuza, akakataa. Angeweza kuiacha mezani, akasema saa hii ilitengenezwa iwe mwilini mwa mtu, na ikikaa mezani itakuwa pambo la kabati. Mwishowe, siku moja tunakula, aliisukuma upande wangu wa meza, kama mtu anayerudisha sahani. Wanawake dhahabu ni halali yetu. Basi ikawa yangu. Alikata mnyororo wa kizibao, akaniungia mkufu mrefu wa shingoni, na tangu siku ile nikawa naivaa mimi, ndani ya dera nyumbani na ndani ya baibui nje, nzito, na asubuhi ya baridi ikinigusa kifuani naruka.

Lakini kuitia ufunguo hakuniachia. Kila alfajiri, baada ya sala, aliitwaa, akaifungua nyuma, akaingiza kifunguo chake kidogo na kuijaza. Alisema kuitia ufunguo si kuivaa, na kwa hilo sheikh hakuwa na la kusema. Kisha ananivisha. Miaka yote ile, kile kifunguo sikukishika hata mara moja. Sikukishika kwa sababu sikuhitaji kukishika, na nani hufikiria mambo hayo mtu akiwa bado yupo.

Alifariki hospitali, majani ya miti yakiwa yanaanguka, baada ya ugonjwa wa haraka; alfajiri ile alikuwa ameijaza saa kitandani, na tukamzika siku ile ile. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Jioni baada ya mazishi, rafiki yangu mmoja, mwanamke wa Tanga, ambaye tumezeeka pamoja katika mji huu, alikaa karibu nami, akaniona mkufu shingoni.

"Mwenzangu, uko eda," akaninong'oneza. "Toa hiyo."

"Hii ni saa."

"Ni dhahabu. Mjane haweki pambo."

Nilitaka kumwambia kuwa mume wangu alibishana na msikiti mzima kwamba hii si pambo, ni chombo. Lakini nilikumbuka kwamba alishindwa. Nikaivua, nikaiweka kwenye droo yake ya leso. Siku ile bado ilikuwa inakwenda. Niliisikia kupitia mbao za droo, tena nilijisogeza kitandani ili niisikie vizuri. Kesho yake ilisimama. Nilidhani hata kuijaza nikiwa eda ni vibaya, na hata ningejua ni sawa, sidhani kama ningekuwa na nguvu.

Nataka kusema ukweli kuhusu miezi ile. Mwanzo nyumba ilijaa. Wazanzibari walikuja, Wakenya wa mtaa wa pili walikuja na vyungu vya pilau na wali wa nazi, Mkongo mmoja jirani, ambaye hata dini si moja, alikaa sebuleni saa nzima bila kusema neno na nilimshukuru kuliko wote. Kisha kila mtu akarudi kwenye zamu zake. Hapa mtu hawezi kukaa matanga, kazini wanampigia. Nikabaki mimi, na joto la radieta, na mabasi yanayopita barabarani, na kile chumba cha nyuma ambacho mwanangu alikiacha kitupu kwa kurudisha saa za watu kwa wenyewe. Hapo ndipo nyumba ilipokufa kabisa. Sikujua kuwa nimeishi ndani ya milio ya saa mpaka ilipokwisha. Nilikuwa naongea peke yangu ili nisikie kitu. Nilimkasirikia pia. Nilimwambia kwa sauti, jikoni, umeniacha na nani?

Mwanangu ni mmoja tu. Anaishi Longbridge, kwenye nyumba mpya zilizojengwa pale palipokuwa na kiwanda cha magari. Alikuja kila Jumapili na mkewe na watoto. Wajukuu wangu nikisema nao Kiswahili wananielewa vizuri sana, kisha wananijibu kwa Kiingereza, na mimi naendelea na Kiswahili, na hivyo ndivyo tunavyopendana. Mwanangu alitaka nihamie kwake. Chumba kipo, alisema, kimepakwa rangi tayari. Na saa ya baba alishainunulia kikabati cha kioo chenye ndoano ndani, aiweke sebuleni juu ya rafu, watu waione.

"It'll be safe there, Mama," alisema. "Na wewe utakuwa safe."

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kutuweka sote wawili mahali pamoja, pasafi, pasipo na hatari. Lakini mimi nilikuwa na haja moja tu, na sikuwa nimemwambia mtu: eda ikiisha niivae saa yangu, niisikie inakwenda kifuani, na nibaki nyumbani kwangu. Nilijiambia, ikienda, na mimi nitakwenda. Najua huo si ufikiriaji wa mtu mzima. Nilikuwa nao tu.

Eda ilipokwisha nilikoga, nikavaa nguo nyepesi, nikajifukiza udi. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na saa mapajani. Niliifungua nyuma kwa ukucha kama nilivyomwona akifungua, nikaingiza kifunguo kwenye tundu, nikazungusha kuelekea kulia, kama unavyokaza kifuniko cha chupa, kama unavyokaza kila kitu duniani. Haikuzunguka. Nikaongeza nguvu. Ikalia kah, mlio mdogo mkavu.

Nikaiacha pale pale. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi kulikuwa na watu. Nililia kwa hasira. Mwanamume miaka yote ananivisha saa kila alfajiri, ananifundisha majina ya magurudumu, ananieleza habari za wasichana wa minyororo waliokufa zamani, halafu hanionyeshi namna ya kuitia ufunguo! Sikujua kama alisahau, au alidhani hatakufa, au alipenda tu iwe kazi yake. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, kwa sababu na mimi nilipenda iwe kazi yake.

Mwanangu alinipeleka kwa gari mtaa wa masonara, kwa fundi mmoja mzee, Mwingereza wa mji huu huu, ambaye mume wangu alikuwa akinunua kwake kamani, yaani springi, na vipuri vya saa za kale. Duka lake liko juu, ngazi nyembamba, dirisha linatazama ua. Alikuwa hajasikia habari ya msiba. Tulipomwambia alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akachukua saa, nami nikamweleza ule mlio, nikimwomba msamaha kana kwamba nimemvunjia yeye.

Akaingiza kifunguo. Akakizungusha kushoto.

Ilikubali papo hapo, laini, mzunguko baada ya mzunguko, na kabla hajamaliza nikaisikia. Sikuweza kujizuia, nikaweka mkono kwenye meza yake. Akaniambia saa nyingi za kale za hapa, zenye koni na mnyororo, hutiwa ufunguo kwa kushoto, na kwamba kila mwezi huletewa moja na mtu aliyezungusha kulia. Ule mlio ulikuwa kizuizi kidogo ndani kikimkatalia mtu. Hakikuvunjika. Alisema Waingereza wa zamani walikuwa watu wagumu wa akili, na mwanangu akacheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mauti.

Lakini akasema mafuta yamekauka kwa kukaa, iachwe aisafishe. Mwanangu akamwambia kwa Kiingereza chao cha haraka kwamba saa itakaa kwenye kikabati cha kioo, kwa hiyo airekebishe iende sawa ikiwa imening'inia hapo. Fundi akanitazama mimi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshaisikia ikienda, nikaona nisianze ugomvi dukani kwa mtu.

Siku zile za kungoja nilikuwa mtu wa ajabu. Nilienda dirishani, nikarudi. Nilimpigia rafiki yangu wa Tanga, akawa kazini. Nilikunja nguo za mume wangu ambazo zilishakunjwa. Mwanangu alipiga kuuliza nimeamua nini kuhusu Longbridge, nikamwambia nangoja saa, akasema okay, kwa sauti ya mtu anayehesabu mpaka kumi.

Tuliporudi, saa ilikuwa imening'inia kwenye ndoano mbele ya dirisha la fundi, inang'aa, akrabu zote mbili zinatembea. Hakutukabidhi. Alituketisha.

"Kuna jambo," alisema. "Nilipomaliza kuisafisha, niliitundika hapa. Inakimbia. Kila siku inatangulia, tena si kidogo. Nikashika kile kishale cha kupunguzia mwendo, nikataka kukisogeza. Kisha nikamkumbuka mumeo."

Akaeleza polepole, na mwanangu akanitafsiria pale nilipomwomba. Saa hii, alisema, mizani yake, lile gurudumu dogo linaloyumba kupima mwendo, ni ya zamani, haijilindi na joto wala baridi. Uzi wake wa chuma ukipata joto unalegea, saa inapunguza mwendo. Ukipata baridi unakaza, saa inakimbia. Tena saa iliyolala na saa iliyosimama hazilingani, na saa inayotikiswa na mtu anayetembea ni nyingine kabisa. Fundi wa kawaida anairekebisha mezani, halafu mteja atajua mwenyewe. Mume wangu hakufanya hivyo. Mume wangu alikuwa anapanda ngazi zile kila mara kuja kumweleza yule mzee: leo imechelewa kidogo, kapika siku nzima jikoni, leo imetangulia, tulikwenda sokoni kwa miguu na baridi. Anarudi nyumbani, anakisogeza kishale kiasi cha unywele, ananivisha tena.

"Alikuwa anairekebisha juu yako," fundi akasema. "Kwa joto la mwili wako. Kwa mwendo wako. Ilimchukua muda mrefu sana. Siku ilipokuwa sawa kabisa, alikuja hapa kunitangazia, na tukanywa chai."

Nilikuwa nazikumbuka zile "saa ngapi" zote, jikoni, ngazini, kwenye simu, na jinsi nilivyokuwa nikimjibu kwa ukali. Hakuwa akihitaji wakati. Alikuwa akinipima mimi. Na hakuniambia, yule mwanamume, kwa sababu mtu akijua anapimwa hubadilisha mwendo wake. Nilimjua vya kutosha kuijua hiyo sababu bila kuambiwa.

"Kwa hiyo una njia mbili, bibi," fundi akaendelea. "Nisogeze kishale, iende sawa ndani ya kioo chake, na hapo kazi ya mumeo itakuwa imefutika, haitarudi. Au niiache. Nikiiacha, itakuwa sawa ikiwa shingoni mwako tu. Ukiiweka rafuni itakuwa inakimbia siku zote."

"Just fix it, Mum," mwanangu akasema, lakini kwa upole. "Ni saa. Inatakiwa isome time sawa. And you can't be wearing solid gold on the bus, Mama, please."

Fundi hakumsikiliza. Aliniuliza kama bado natoka, natembea, nafanya kazi zangu kama zamani, maana saa ilirekebishwa kwa mtu wa namna hiyo.

"Ndiyo," nikasema.

Mwanangu akanigeukia. Yeye ndiye aliyenikuta kila Jumapili kwenye kiti kile kile na shali ile ile. Angeweza kusema. Hakusema, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Usiiguse," nikamwambia fundi.

Akaitoa kwenye ndoano, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ya baridi kali, kwa ajili ya lile dirisha. Akanipa kifunguo, akanifanya nikizungushe mwenyewe mbele yake, kushoto, polepole, mpaka kinapokataa, halafu basi, usilazimishe. Nilikizungusha. Nikaivaa, nikaiingiza ndani ya baibui, nikaruka kwa ubaridi wake, na yule mzee akageuza uso dirishani.

Tukiwa garini, tulisimama kwenye taa nyekundu karibu na mzunguko wa barabara. Mwanangu aliuliza kama sasa chumba cha Longbridge ndiyo basi tena. Nikamwambia nitakuja kuwatembelea, nitalala hata wiki nikichoka na upweke, na nitachoka, lakini kwangu ni Lozells. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameumia, na mimi sikuwa na la kumpa isipokuwa ule ukweli mmoja niliotoka nao dukani.

"Sikiliza," nikamwambia. "Siku nikifa, wanawake watakaoniosha watanivua hii, watakupa wewe. Wewe huwezi kuivaa, utaitundika kwenye kile kioo chako."

"Mum, don't."

"Sikiliza kwanza. Utaitundika, na itaanza kukimbia. Kila siku itatangulia. Utadhani imeharibika, utaipeleka kwa fundi mwingine, naye atakiona kile kishale na kukisogeza, kwa sababu yeye hatajua. Yule mzee hatakuwepo. Baba yako hayupo. Haitakuwa imeharibika. Itakuwa inanikosa mimi."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele. Magari nyuma yetu yalipiga honi, kwa sababu taa ilikuwa imeshageuka kijani na yeye alikuwa bado amesimama.